Guka Alipopanda Jukwaani Kanisa la Mawe

Kama wewe pia ulikulia Uthiru enzi zile ng'ombe walipokuwa wakivuka Waiyaki Way taratibu kama wenye barabara, utanielewa nikisema kwamba utoto wetu wote ulinukia mafuta ya kujipaka. Jumapili asubuhi mama alitupaka mpaka tukang'aa kama sufuria mpya, akatuvisha soksi nyeupe, kisha akatupa masharti: tusikimbie, tusikae chini, tusiguse ukuta, tusicheke ovyo. Tuliloachiwa ni kupumua, na hata hilo tulilifanya kwa tahadhari.

Kanisa tulilopelekwa liliitwa Kanisa la Mawe, kwa sababu lilikuwa la mawe na wazee wetu hawakuwa watu wa kupoteza muda wakitafuta majina. Lilikuwa na kuta nene, madirisha membamba na paa la mabati. Mvua ikinyesha, mhubiri alifungua mdomo na kuufunga bila sisi kusikia neno lolote, na hayo ndiyo mahubiri niliyoyapenda kuliko yote. Mabenchi hayakuwa na pa kuegemea. Ukisinzia ulianguka, na ukianguka ulivutwa sikio na mama yeyote aliyekuwa karibu. Siku hizo masikio ya watoto yalikuwa mali ya mtaa mzima. Leo mguse mtoto wa mtu sikio uone kama hutapelekwa kituoni.

Babu yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Guka, alikuwa mmoja wa vijana waliolijenga kanisa hilo. Tulichojua ni kwamba mawe yalitoka machimbo ya bondeni kwa mkokoteni wa ng'ombe, na ng'ombe walipogoma pale mlimani, vijana waliyabeba wenyewe. Zaidi ya hapo Guka hakusema kitu. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, wa koti moja la kijivu, na alikuwa na kikohozi cha kutangaza kwamba amefika. Kikohozi hicho kikisikika getini, hata mbwa alikaa vizuri.

Mke wake, Cucu, alifariki kabla sijazaliwa. Mimi nilipewa jina lake, Nyambura, lakini Guka hakuniita hivyo hata mara moja. Aliniita "wewe mtoto." Wewe mtoto, lete maji. Wewe mtoto, fukuza kuku. Nilimuuliza mama kama Guka hanipendi. Mama akasema ananipenda sana, ila upendo wake uko ndani. Nilitamani utoke nje kidogo, hata kama ni sikukuu tu.

Tulicheza kati tukikwepa mpira wa soksi kuukuu, tukaruka bladaa, ile kamba ya mpira, mpaka jioni, tukapika kalongolongo kwa matope na majani ya viazi, na wengine wetu tukayaonja. Nasikia vijana wa siku hizi wakisema wamechoka kwa sababu wameshinda wamekaa. Sisi tulichoka kwa sababu tulishinda tukikimbizwa: na ng'ombe, na mwenye matunda damu, na mama mwenye mwiko. Usiku hakuna aliyelilia usingizi. Ulikuja wenyewe ukakukuta na kijiko cha githeri mkononi.

Katika michezo yote hiyo sikuwa hodari. Kwenye kati nilipigwa wa kwanza. Kwenye bladaa nilijifunga miguu kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Lakini nilikuwa na imani moja kubwa, kwamba mimi ni mwigizaji. Imani hiyo niliipata kwa Mwalimu Mutindi, mama Mkamba aliyekuja kwetu kutoka Machakos kufundisha shule ya msingi. Ndiye aliyetusimamia pia watoto wa kanisani kila Jumapili. Hakupenda kutusomea hadithi za Biblia. Alitugawia tuzicheze. Mwaka wa kwanza nilikuwa kondoo. Mwaka uliofuata nikapandishwa cheo nikawa punda, upande wa nyuma. Watu walinihurumia, nami niliwahurumia wao kwa kutojua. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba punda hawezi kwenda popote bila sehemu ya nyuma.

Basi ikafika siku waumini hawakutosha tena ndani. Wazee wakajenga kanisa jipya ng'ambo ya barabara, lenye vigae sakafuni na vipaza sauti vilivyopiga mluzi kila mhubiri alipotaja jina la Bwana. Tulihamia huko kwa shangwe. Kanisa la Mawe likabaki peke yake. Kuku wakaanza kutaga chini ya mimbari, na mtu mmoja, hatukujua ni nani, akawa anaanika mahindi yake mlangoni.

Mwalimu Mutindi ndiye aliyewaendea wazee na wazo lake. Alitaka jengo lile liwe ukumbi wa maigizo wa watu wote wa mtaa, wenye dini na wasio na dini, mahali vijana wangepata kitu cha kufanya zaidi ya kukaa ukutani wakihesabu magari. Lakini wazee walikuwa na mpango mwingine. Walitaka Kanisa la Mawe libomolewe, na mawe yake yakajenge ukuta wa kanisa jipya pamoja na vyoo. Wazee wote walikuwa wanamsubiri Guka aseme neno, kwa kuwa katika wale vijana wa mkokoteni yeye ndiye aliyekuwa amebaki.

Guka akasema neno. Nilikuwepo, maana mkutano ulifanyika kwake na mimi ndiye niliyepeleka chai.

"Pale mbele tuliombea watoto wetu na tukawaaga wafu wetu," alisema. "Afadhali libomolewe kuliko watu waende kurukaruka pale."

"Guka," Mwalimu Mutindi akamwambia kwa heshima, "mawe uliyobeba wewe, yakajenge choo?"

Wazee wakatazama vikombe vyao. Guka akakohoa kikohozi chake kirefu.

"Mnachotaka kufanya mle ndani sikijui," akasema hatimaye.

"Njoo ukione kwanza. Watoto watakuonyesha. Ukishaona ukasema hapana, sitarudi tena kukusumbua."

"Nitakuja," akasema Guka. "Lakini nitakaa karibu na mlango."

Mwalimu Mutindi aliamua mchezo uwe juu ya namna kanisa lenyewe lilivyojengwa. Alipogawa sehemu, akanipa mimi niwe Guka. Nilipokea habari hizo kama mtu aliyekuwa akizitarajia. Baadaye nilijua kwamba nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mrefu kuliko wavulana wote wa darasa letu, na kwa sababu kile kikohozi nilikiweza. Nilikuwa nakitumia nyumbani kutishia wadogo zangu.

Nilijitayarisha kama mtu anayekwenda kutawazwa. Ndevu nilizitengeneza kwa sufu ya kondoo wa Guka mwenyewe. Koti nikaazimwa na jirani, nikalipaka majivu liwe la kijivu. Jiwe lilikuwa boksi la sabuni tulilolipaka udongo, na kibuyu cha wasichana wa maji kilitoka jikoni kwetu. Mama alinitazama nikikohoa mbele ya kioo, akaweka mwiko chini.

"Nyambura," akasema, "ukiniaibishia baba yangu mbele ya watu, tukifika nyumbani mimi na wewe tutajuana."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, na Kanisa la Mawe likajaa mpaka madirishani. Jukwaa letu lilikuwa pale palipokuwa na mimbari, na pazia lilikuwa leso za akina mama zilizofungwa kwenye kamba. Guka alikuja akakaa karibu na mlango kama alivyosema, fimbo katikati ya magoti, kofia kichwani. Alipovaa kofia ndani ya jengo lile, tulijua kwamba kwake yeye halikuwa tena kanisa, na kwamba alikuwa ameshaamua.

Nikatoka nyuma ya leso, nikakohoa.

Kicheko kilichopasuka mle ndani sijawahi kukisikia tena maishani, na wala sikukitegemea. Na mimi, badala ya kusema maneno niliyopewa, kichwa kikavimba. Nikakohoa tena. Nikatembea kama yeye, nikagonga fimbo kama yeye, nikamfukuza kuku ambaye hakuwepo kwenye mchezo. Watu wakafa kicheko. Nilimwona Mwalimu Mutindi kando akinipungia mkono niendelee na mambo ya mawe, lakini nani husikiliza mwalimu akishakuwa nyota? Mama alikuwa amefunika uso kwa kitambaa.

Hatimaye nikakumbuka jiwe. Nikaliokota, nikajitwika kichwani kama mtungi wa maji, nikaanza kupanda mlima.

Guka akasimama.

Kicheko kikakatika kama mtu amefunga redio. Alikuja pole pole katikati ya mabenchi, fimbo yake ikigonga sakafu, na watu wakavuta miguu kumpisha. Nilibaki pale na boksi la sabuni kichwani. Nilijua nimekwisha. Nilichokuwa nawaza ni kama atanichapa kwanza yeye au atamwachia mama.

Akapanda jukwaani, akanitazama kutoka chini mpaka juu.

"Jiwe halibebwi hivyo," akasema.

Akaliondoa kichwani pangu. Akavua koti lake, akalikunja, akaliweka begani. Kisha akainama, mzee yule mkavu, akaliinua lile boksi tupu na kuliweka juu ya koti, na mishipa ya shingo ikamtoka kweli kweli kana kwamba lilikuwa jiwe. Magoti yakamtetemeka. Akapiga hatua, akapumzika, akapiga nyingine. Hakuna aliyecheka. Kila mtu mle ndani aliona mlima.

Alipolitua, alifuta jasho ambalo nina hakika lilikuwa jasho halisi. Akawageukia watu, akaanza kuwaambia nani alikuwa mbele yake na nani nyuma, na namna walivyoimba ili wasisikie uzito. Akasema wasichana walileta maji ya kukorogea chokaa, na mchana walileta uji.

"Alikuwepo mmoja," akasema. "Wengine wote aliwajazia kibuyu. Mimi alinitilia kidogo. Siku ya kwanza nikanyamaza. Siku ya pili kidogo tena. Siku ya tatu nikamuuliza, wewe msichana, mimi nimekukosea nini? Akaniambia, nilitaka kuona utakaa siku ngapi bila kuniongelesha."

Mama aliondoa kitambaa usoni. Alikuwa kitinda mimba wa watu hao wawili, na habari hiyo ilikuwa mpya kwake kama ilivyokuwa kwetu.

Guka akaangaza macho jukwaani kama mtu anayetafuta kitu. Akaniona.

"Vua hizo ndevu," akasema. "Chukua kibuyu. Simama pale." Akanionyesha mahali. Nilipokawia akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Njoo, Nyambura."

Sijui alikuwa anamwita nani kati yetu wawili. Nilichukua kibuyu nikasimama aliponionyesha, nikamtilia uji usiokuwepo, kidogo tu. Akaunywa wote. Akanirudishia kibuyu kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa kitu mtu anayemheshimu. Watu wazima walikuwa wanalia wazi wazi, wanaume kwa wanawake.

Ingekuwa vizuri niwaambie kwamba mimi pia nilielewa ukubwa wa jambo hilo. Sikuelewa. Niliwaza kitu kimoja tu: mzee huyu amenipora nafasi yangu. Nilikuwa nyota, sasa nimeshushwa kuwa mpakua uji! Nilinuna njia nzima mpaka nyumbani, na mama, ambaye nilitegemea anichape, alinishika mkono akawa analia na kucheka pamoja, jambo lililozidi kunikera.

Jumapili iliyofuata wazee walitangaza kwamba Kanisa la Mawe halibomolewi. Kanisa jipya lilipata ua wa miti ya kei, wenye miiba mizuri tu, na vyoo vikajengwa kwa mbao. Kengele ya zamani ikaachwa mahali pake, ikawa inagongwa mchezo ukikaribia kuanza. Mabenchi yaliletewa seremala yakawekewa pa kuegemea, na hapo ndipo watu walipoanza kuwatania wahubiri kwamba wenye maigizo wana huruma zaidi. Mvua ilipopiga mabati, waigizaji walisimama walivyo, mkono juu au mguu juu, mpaka ipite, na sisi tukatumia nafasi hiyo kununua njugu.

Guka aliyekuja kukaa mlangoni hakuondoka tena. Aliigiza chifu, aliigiza mchungaji, aliigiza polisi, na wote walikuwa na kikohozi kilekile. Kitu kimoja tu kilimshinda, kufa. Mchezo ukimtaka apigwe mshale afe, anaanguka vizuri, halafu anainua kichwa kuwaaga waliokaa mbele mmoja mmoja. Mwalimu Mutindi alimsihi. "Siwezi kulala chini bila kuaga, Mutindi," alimjibu, "hao ni majirani zangu." Mwishowe wakawa wanamwandikia sehemu za wazee wanaosafiri badala ya kufa. Nami tangu siku ile aliniita Nyambura, hata alipotaka nifukuze kuku.

Na mimi? Niliendelea kuamini kwamba Nairobi nzima inaningoja. Nilipomaliza shule nilipanda gari nikaenda mjini, kwenye jumba kubwa la maonyesho, kujaribiwa mbele ya watu waliovaa miwani. Nilikuwa nimefundishwa kusema kwa sauti ya kushinda mvua juu ya mabati. Nikasema hivyo hivyo. Mmoja wao alishtuka akamwaga chai. Walinipa kazi ya kuwa umati, nyuma ya pazia, nikipiga kelele wakati wa vita. Nilikaribia kurudi kwenye upande wa nyuma wa punda.

Leo ninasuka nywele Kenyatta Market. Msidhani nimelia. Hakuna mwigizaji mwenye watazamaji waaminifu kama wangu, kwa sababu mteja aliyesukwa nusu kichwa hawezi kutoroka. Nikianza kisa na nywele za mbele, namaliza na za kisogoni, na kama hakijaisha nasuka laini ndogo ndogo.

Guka alikwenda zamani, na Mwalimu Mutindi alistaafu akarudi kwao, ambako nasikia ameanzisha kundi lingine la kuwasumbua wazee wa huko. Kanisa la Mawe lingali pale, limezungukwa na maghorofa mpaka jua linaliona saa sita tu. Vijana wameweka taa za rangi na spika. Binti yangu, Wanja, ndiye anayewasimamia siku hizi. Mwaka huu wana mchezo kuhusu wapangaji wanaofungiwa maji, akaniomba nije nisaidie. Nikavaa rinda zuri nikaenda, nikijua hatimaye nimekumbukwa.

"Mathe, wewe ndio yule landilodi mzee," akaniambia.

"Mzee kiasi gani?"

"Mzee tu. Na usijali, hatutakupaka kitu usoni. Uko sawa vile uko."

Nimemzaa mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Huwa nawatazama vijana hao wakifanya mazoezi. Wana akili kuliko tuliyokuwa nayo, na Kiswahili chao kimekatwakatwa mpaka nahitaji mkalimani. Lakini kabla hawajaigiza wanajipiga picha, wakimaliza wanajipiga picha, na mmoja wao aliniambia kwa fahari kwamba kipande chake kimetazamwa na watu wengi wasiojulikana, mpaka ng'ambo. Nikampongeza. Sikumwambia kwamba sisi tulitazamwa na watu wachache, ila kila mmoja wao alijua jina la nyanya yako, na ungeigiza vibaya wangekuambia kesho yake ukienda kununua maziwa. Ilikuwa mateso makubwa. Sasa natamani kuteswa hivyo tena.

Jumamosi iliyopita mazoezi yaliisha mapema. Mara moja simu zikatoka, wakatawanyika kwenda kutafuta chipsi, na ukumbi ukabaki mtupu kabla sijafunga mkoba. Enzi zetu mchezo ukiisha hakuna aliyeondoka. Watoto tulibaki jukwaani tukiwaigiza waliotuigizia, watu wazima wakasimama nje wakibishana nani alikuwa mbaya na nani mwema, mpaka giza likaanza kuingia na mama zetu wakawa wanatuita kwa majina kutoka mlangoni, na sisi tukijifanya hatusikii.

Nikasimama kidogo pale mbele. Nikasema maneno yangu ya landilodi mara moja, kwa sauti kubwa, nione kama kuta bado zinanijua. Nikayarudia. Ya tatu ilikuwa nzuri zaidi.

"Mathe!" Wanja akaita kutoka mlangoni. "Twende nyumbani!"

Nikajifanya sijasikia.